Siku Tatu Bordeaux Bila Wewe

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi sana. U hali gani, na Mama anaendeleaje? Shemeji aliniambia ameanza kutembea mwenyewe mpaka uani, nikamshukuru Mungu. Mimi ni mzima. Najua nimekaa kimya wiki tatu tangu nirudi, usidhani nimekununia kwa kuwa safari yetu ya Bordeaux, kule Ufaransa, ilikushinda. Mama ni mama, hata mimi ningebaki. Nilikuwa sijui nianzie wapi.

Nianze na chakula, maana ndicho utakachouliza kwanza. Jumamosi asubuhi nilikwenda soko la Capucins, nikaagiza chaza. Wanatoka ghuba ya Arcachon, wanapasuliwa mbele yako, bado wana maji ya bahari. Wakaniletea na soseji ndogo za moto! Nikadhani ni oda ya mtu mwingine, kumbe ndivyo wanavyokula: chaza wa baridi, soseji ya moto, mkate, halafu unateremshia mvinyo mweupe wa Entre-Deux-Mers. Shoga, nilifumba macho. Na canelé je! Vikeki vya ramu na vanila, vinaokwa kwenye vikombe vya shaba vilivyopakwa nta ya nyuki. Nje vigumu, karibu vyeusi, ndani vinateleza ulimini. Nilikununulia sita ila siku ya pili vinalegea, kwa hiyo nikavila kwa niaba yako.

Na ule ubishi wetu wa zabibu ipi ndiyo mwenye mvinyo wa Bordeaux, wewe na Cabernet Sauvignon, mimi na Merlot, nakupa haki yako kwa upande wa mashamba ya Médoc. Kule ardhi ni changarawe, inapitisha maji na kushika joto, na zabibu zako zinaivia hapo. Lakini nilipanda treni mpaka Saint-Émilion, kwenye udongo wa mfinyanzi na mawe ya chokaa, na kule mwenye nyumba ni Merlot. Siondoki kwenye msimamo wangu.

Sasa lile lililoniziba mdomo. Jioni ya kwanza nilivua viatu pale Miroir d'eau, kidimbwi kinachoakisi kama kioo, mbele ya uwanja wa Place de la Bourse. Maji yake ni ya sentimita 2 tu, watoto wanakimbia humo, na yale majengo ya kifahari unayaona miguuni pako. Nikainua macho kutazama nyuso zilizochongwa ukutani, nikakuta kati yao sura za Kiafrika. Nikashtuka. Kesho yake, ukingoni mwa mto, nikakutana na sanamu ya mwanamke, imewekwa 2019. Pameandikwa Modeste Testas, lakini jina alilozaliwa nalo ni Al Pouessi. Kwao ni Ethiopia. Alitekwa angali msichana, akanunuliwa na ndugu wawili wafanyabiashara wa Bordeaux, akapelekwa Saint-Domingue, ambayo leo ni Haiti. Alifariki 1870, na mjukuu wake akaja kuwa rais wa nchi hiyo. Nilisimama pale mpaka tramu tatu zikapita. Ethiopia, shoga! Siyo mbali na sisi hata kidogo.

Mchana wote nikaumalizia kwenye makumbusho ya Musée d'Aquitaine, kwenye vyumba vinavyoeleza biashara ile ya watumwa: mvinyo ukipakiwa melini, sukari na kahawa vikishushwa, na watu wakihesabiwa kama mizigo. Cité du Vin, makumbusho ya mvinyo, nikaiacha mpaka siku ya mwisho. Tiketi yake ina glasi moja ya kuonja kule ghorofani, ambako unauona mto umepinda kama mwezi mwandamo, na ndiyo maana Bordeaux wanaiita Bandari ya Mwezi. Mvinyo ulikuwa mzuri, siwezi kukudanganya. Ila nilipoinua glasi, Al Pouessi akanirudia, nikatamani uwe kando yangu tulitaje jina lake pamoja, kwa sauti.

Nimekuwekea chupa ya Sauternes, ule mvinyo mtamu unaotokana na zabibu zilizoshikwa na kuvu zikasinyaa. Siifungui bila wewe.

Je, daktari amesema Mama atapumzika mpaka lini? Dada yako mdogo anaweza kukaa naye siku nne? Tukienda Oktoba, utakubali twende kwenye sanamu kwanza, kabla ya chaza? Na wewe mwenyewe, unalala? Nani anakupikia?

Nijibu upesi.

Wako akupendaye