Kwa akina mama wa Busia mnaonunua dawa ya damu

Wanangu, salaam.

Juzi dukani nilimwona mama kijana akimtafutia vidonge vya chuma vya kuongeza damu mwanawe mwenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Muuzaji alimfunua mtoto jicho kwa kidole gumba, akatikisa kichwa, "Damu hana huyu," akahesabu vidonge na kuvitia kwenye bahasha ya kaki. Hakuuliza kama mtoto amewahi kuongezewa damu. Nilichukia.

Hebu sikilizeni. Mtoto wa selimundu hupungukiwa damu kwa kuwa chembe zake nyekundu huvunjika mapema. Mara nyingi chuma anacho. Chupa moja ya damu ya hospitali hubeba miligramu 200 hadi 250 za chuma, na mwili hauna njia ya kukitoa kwa wingi: kwa siku hupotea miligramu moja au mbili tu. Kinachobaki kinajazana kwenye ini, moyo na kongosho. Nanyi mnamwongezea kingine kwa pesa yenu wenyewe! Asidi ya foliki, ile vitamini aliyoandikiwa kliniki, ni kitu kingine, hiyo mpeni.

Balaa ni kwamba chuma kikizidi, mtu huanza kwa kuchoka, uchovu uleule wa mwenye upungufu. Jicho la muuzaji litatofautisha vipi? Baadaye viungo huuma, tumbo huuma upande wa ini, ngozi hugeuka rangi, sukari hupanda, hedhi hukatika, mwanamume hupoteza hamu, mtoto huchelewa kubalehe, moyo hudunda ovyo. Kinachoonyesha ni kipimo cha feritini, kipimo cha damu cha kujua akiba ya chuma mwilini, ambacho vituo vingi vidogo havina. Hapo nawalaumu wakubwa, si nyinyi. Redioni dawa za damu zinasifiwa asubuhi hadi jioni, ila kipimo hakuna anayekitaja.

Wajawazito, vidonge vya kliniki mezeni kama mlivyoelekezwa. Asiniambie mtu kwamba bibi kakataza.

Na viwekeni juu, mbali na watoto. Vile vya miligramu 200, kumi tu vinaweza kumuua mtoto wa kilo 10. Atatapika na kuhara, pengine damu, kisha atatulia mseme amepona, kumbe sumu ingali ikifanya kazi. Akivimeza, mkimbizeni hospitali saa ileile, hata kama anacheza, na bahasha mwende nayo.