Kabla hujalipia tovuti, weka kipanya pembeni

Mhariri,

Naomba nafasi niwaseme kidogo wenye biashara wanaopokea tovuti mpya kwa kuitazama tu. Rangi zinapendeza, picha zinang'aa, malipo yanapita, basi fundi analipwa. Mteja asiyeona, au ambaye mikono yake inatetemeka, hakuna aliyemkumbuka.

Wengi wao hawatumii kipanya, hutegemea kibodi. Kwa hiyo kipimo cha kwanza hakihitaji fundi. Acha kipanya, fungua ukurasa wa mwanzo, ubonyeze Tab. Kila ukibonyeza, alama ya kuonyesha ulipo, ambayo kwa kawaida ni mstari unaozunguka kiungo au kitufe, inapaswa kusogea mbele. Shift na Tab iirudishe nyuma. Sasa jaribu kununua kitu kimoja mpaka mwisho. Hapo ndipo tovuti nyingi hukwama. Pengine alama haionekani kabisa, kwa kuwa mbunifu aliona inaharibu sura akaifuta kwa amri ya outline: none. Pengine "Lipa" si kitufe: ni div, yaani sehemu tupu ya ukurasa isiyo na kazi maalumu, iliyopakwa rangi ikaambiwa isubiri kubofywa, na Tab inairuka kana kwamba haipo. Tumia button ya HTML, lugha ya kuundia kurasa za tovuti, ambayo kibodi inaitambua yenyewe. Dirisha la tangazo nalo lifungike kwa Esc, kisha alama irudi pale mteja alipokuwa.

Kwenye fomu kuna ugonjwa mwingine. Maneno hafifu yaliyo ndani ya kisanduku, yanayotoweka ukianza kuandika, hayatoshi kuwa lebo. Kila kisanduku kiwe na label yake, na sifa ya for kwenye msimbo wa lebo ilingane na id, yaani kitambulisho, ya kisanduku. Bila hivyo kisoma skrini, yaani programu inayomsomea asiyeona kwa sauti, huenda kikatamka "andika hapa" tu, na mteja abaki akikisia kama anaombwa jina au namba ya simu. Kosa likitokea, mpaka mwekundu peke yake hausemi kitu kwa asiyeuona. Andika: "Namba ya simu imepungua tarakimu moja", na uyaunganishe maneno hayo na kisanduku kwa sifa ya aria-describedby, inayokiambia kisoma skrini maneno hayo ni ya kisanduku kipi. Wala usimzuie mtu kubandika nenosiri.

Sisi tunaoandika Kiswahili tuna kosa letu la ziada. Templeti nyingi huja na lang="en", tamko kwamba ukurasa ni wa Kiingereza, mwanzoni mwa ukurasa. Kisoma skrini huliamini tamko hilo, kikasoma Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza, na msikilizaji asiambulie neno. Weka "sw". NVDA, kisoma skrini cha bure cha Windows, huja na sauti ya eSpeak NG inayokijua Kiswahili.

Kuhusu rangi, WCAG 2.2, mwongozo wa kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, uliotolewa mwaka 2023 na W3C, shirika la viwango vya wavuti, unataka, katika ngazi ya AA, iliyo ya kati kwa ugumu, maandishi ya kawaida yatofautiane na usuli wake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1, na maandishi makubwa 3 kwa 1. Kijivu cha #999999 juu ya nyeupe, kipenzi cha wabunifu, hakifiki hata 3. Kijivu cha #767676 kinapita kwa kubanana. Vitufe visipungue pikseli 24 kwa 24. Mimi ningeshauri 44.

Picha ya bidhaa iwe na maelezo ya alt, yaani maneno yanayosomwa badala ya picha, yanayomsaidia mnunuzi: "Viatu vyeusi vya ngozi, kisigino kifupi", si "picha1". Picha ya pambo iachiwe alt="" ili irukwe. Bango lenye bei zilizochorwa ndani ya picha ni bubu mpaka bei hizo ziandikwe pia kama maandishi.

Msinunue zile programu za kubandika kwa mstari mmoja wa msimbo zinazodai kurekebisha yote. Haziwezi kujua umekusudia nini kwa picha au kitufe fulani, na mara nyingine hugombana na kisoma skrini ambacho mteja tayari anacho.

Kwenye mkataba, taja WCAG 2.2 ngazi ya AA, na zuia sehemu ya mwisho ya malipo mpaka ununuzi mmoja ukamilike kwa kibodi pekee, kisha kwa NVDA, kisha kwa TalkBack, kisoma skrini cha simu za Android. Vipimo vya programu vitumike, ila huona tu kwamba alt ipo. Kama inasema kweli, havijui. Kazi hiyo wapeni watu wanaotumia visoma skrini kila siku, na muwalipe.

Mkaguzi wa tovuti