Heri ya Krismasi, wenzangu wa kalamu

Waandishi wenzangu wa Nairobi, mliobaki mjini na mliokwisha kupanda basi kwenda mashambani, heri na baraka za Krismasi ziwafikie nyote.

Msimu huu Barabara ya Landhies hufurika abiria na mizigo, nauli zimepanda, kila mtu anawahi kwao. Nikipita pale humkumbuka Ken Walibora, mwandishi wa riwaya ya Siku Njema. Ndiyo barabara aliyogongwa na matatu Aprili 2020, katikati ya korona, tukanyimwa hata nafasi ya kumlilia pamoja. Safari ya mhusika wake Kongowea kutoka Tanga hadi Kitale kumsaka baba yake, katika riwaya hiyo, ndiyo iliyonitia hamu ya kuandika riwaya. Sikuwahi kumwambia, na wengi wetu tulimsifu alipokuwa hasikii tena. Kwa hiyo mwaka huu nasema mapema.

Namshukuru mshairi, mzee wetu Abdilatif Abdalla, Mola azidi kumpa umri na afya. Alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya maandishi yake, akatunga gerezani kwa siri kwenye karatasi za choo. Sauti ya Dhiki ilipotoka 1973, vina na mizani vilikuwa vimetimia kana kwamba mtunzi alikaa barazani kwao Mombasa. Kila ninapolalamika kwamba sina muda, diwani hiyo hunirudisha mezani.

Ila shukrani zangu kubwa ni zenu nyinyi tunaoonana. Wewe dada unayefundisha mchana kutwa, kisha usiku unasoma miswada ya wenzako na kuwaambia wazi sura ipi haina uhai. Wewe mzee uliyeketi na kijana mshairi, ukamhesabia mizani kwa vidole, nane kwa nane, hadi ubeti ukasimama. Nanyi mliotoa pesa zenu kununua vitabu vya wenzenu badala ya kuomba nakala ya bure. Hilo, kwangu, ni sifa inayozidi makofi yote ya uzinduzi.

Pumzikeni. Kuleni pilau na chapati na jamaa zenu, wasikilizeni wazee wakisimulia, na mkipata nafasi mpigieni simu mwandishi aliyewafungulia njia, maadamu yu hai. Januari tukutane, kila mmoja na kurasa zake mkononi.

Krismasi njema, na mwaka mpya uwe wa fanaka kwenu nyote.