Kava za ukutani kwangu siuzi, ila za Sani nazitafuta

Mbukwa Mhariri,

Na kama umenizidi umri basi shikamoo kabisa. Mi ni kinyozi, saluni yangu iko Chang'ombe hapahapa Dodoma, na gazeti lako hapa linasomwa mpaka linachoka, maana likitoka kwa mteja wa mwisho linaenda kwa mama wa jirani anafungia maandazi, na hilo la maandazi nitalirudia huko mbele kwasababu ndo limenifanya nishike kalamu.

Ukutani kwangu, pale ambapo saluni zingine wanabandika staili za nywele na wachezaji wa Simba na Yanga, nimeweka kava za vitabu vya katuni vya zamani vya Marekani, Superman, Batman, Spider-Man na wenzao. Ziko 23. Nilianza kuokota taratibu kwenye marundo ya vitabu vya mitumba pale Sabasaba, zingine nimeletewa na wateja wanaotoka Dar, na zingine ni kava tupu, kitabu chenyewe hakipo. Zamani watu walikuwa wanacheka tu, we kinyozi mtu mzima unabandika katuni za watoto, yanaisha tunanyoa. Ila tangu ile habari isambae kwenye simu za watu kwamba kopi moja ya Action Comics namba 1 imeuzwa dola milioni 6 mwaka 2024, sina amani bana. Hela ya kwetu wakati ule hiyo ilikuwa zaidi ya bilioni 15. Sasa kila anayekaa kwenye kiti anageuza shingo anauliza hiyo ya kijani pale bei gani, mpaka nakosea kuchonga. Kuna mmoja kaniletea daftari la mwanae la shule lenye picha ya Spider-Man juu, daftari la mwaka juzi, anataka tuuze tugawane nusu kwa nusu.

Nimeona niandike ili wote wasome kwa pamoja, nisirudie kila siku mashine ikiwa inaunguruma.

Ile iliyouzwa imeandikwa Juni 1938, bei senti 10, Superman kainua gari la kijani juu kama sanduku la soda na jamaa mmoja chini pembeni anakimbia kashika kichwa. Ndo mara ya kwanza Superman anaonekana kwa watu. Watoto walinunua, wakasoma, wakakunja wakatia mfuko wa nyuma, wakatupa, afu vita ilivyokuja Wamarekani wakawa wanakusanya karatasi kuukuu kwaajili ya jeshi na katuni zikaenda kwa marobota. Zilizobaki zina bei kwasababu nyingi zilitupwa, basi, hamna uchawi. Na wale vijana wawili waliomtunga, Jerry Siegel na Joe Shuster, haki za Superman waliziuza dola 130. Mia na thelathini Mhariri, na hapo wagawane wawili.

Kwahiyo za kwangu haziko huko kabisa. Nyingi ni za miaka ya 60 mwishoni na 70, zimechanika, moja haina kichwa, yani sehemu ya juu yenye jina na tarehe imekatwa, miaka yote najua ni panya, kumbe ni muuza magazeti wa Marekani. Kule kitabu kisipouzika muuzaji alikuwa anachana kipande cha juu cha kava anakirudisha kwa wakala apewe hela yake, kinachobaki alitakiwa akitupe ila wengi walikiuza kimyakimya kwa bei ya chini. Yani kale kajamaa kalipiga dili mwaka 70 na kitu huko Marekani, ushahidi uko Chang'ombe.

Sasa mtu ataniuliza kama hamna hela unang'ang'ania nini. Nang'ang'ania kwasababu kava ni mpiga debe. Nenda stendi ukaangalie mpiga debe mzuri, ana sekunde mbili tu za kukushika kabla hujapita, na hakudanganyi moja kwa moja ila hakuambii yote. Kava la katuni ndo kazi yake hiyo, mtoto anapita na senti zake mbele ya vitabu hamsini, kimoja kinatakiwa kimwite. Pale DC Comics, kampuni ya kina Superman na Batman, kuna mhariri alikuwa anaitwa Julius Schwartz, mara nyingi alikuwa anaanza na kava kwanza, inachorwa picha ya ajabu ambayo lazima mtu aulize imekuwaje tena, afu ndo mwandishi anaambiwa haya tunga hadithi ifike hapo. Ni kama mpiga debe kashatangaza Singida Singida, abiria wamejaa, ndo dereva anaambiwa kaka tafuta njia ya Singida. Mwaka 1951 waliweka sokwe kwenye kava la Strange Adventures namba 8, ikauza sana, basi kilichofuata ni masokwe miaka na miaka, sokwe wa kila namna, wanajua biashara wale.

Ukishajua hilo unaanza kuona vitu ambavyo mwanzo huvioni. Kava za Marvel, kampuni ya Spider-Man, kona ya juu kushoto kuna kiboksi kidogo chenye picha ya stelingi, hicho sio urembo, vitabu vilikuwa vinapangwa vinafunikana kwenye raki, kinachochungulia ni kona tu, kwahiyo hata kikifunikwa unajua humu yupo nani. Za DC za mwaka 1966 na 67 juu kabisa kuna mstari wa viboksi vyeusi na vyeupe kama ubao wa drafti wa wazee wa kijiweni, ukiona hivyo huna haja ya kutafuta tarehe. Halafu kuna kale kamuhuri kadogo ka Comics Code, kalianza 1954 baada ya wazazi na wanasiasa kule kulalamika kwamba katuni zinaharibu watoto, wachapishaji wenyewe wakaunda chombo cha kukagua, ukipita unagongewa. Mteja mmoja muuza nyama akaniambia huu si ndo ule muhuri wa bwana afya kwenye paja la mbuzi. Ndo huohuo! Na mwaka 1971 Marvel walitoa matoleo matatu ya Spider-Man yanayoongelea madawa ya kulevya bila huo muhuri, nyama ikauzwa bila kugongwa na watu wakala, baadae sheria zenyewe zikalegezwa.

Iliyonifundisha zaidi ni moja ina bei imegongwa kwa wino, 1/-. Mi nikajua ni shilingi ya kwetu, nikawa natamba kwamba hiki kitabu kiliuzwa hapahapa Dodoma enzi hizo, mpaka mzee mmoja mstaafu wa reli akanisikiliza mpaka mwisho, afu akasema kwa upole mwanangu hiyo ni shilingi ya Mwingereza. Nikafuatilia nikakuta kweli, vitabu vya Marekani vilikuwa vinaingia Uingereza na kampuni moja ya Leicester ikivigonga bei ya kule, na Waingereza waliacha kuhesabu shilingi Februari 1971 wakaingia kwenye peni mia, kwahiyo kava langu ni la kabla ya hapo. Lilifikaje huku sijui wala silitungii hadithi. Aibu niliyopata siku ile ila yule mzee tangu hapo namnyoa kwa heshima zote.

Ninayoipenda kuliko zote ni ya Spider-Man namba 121, Juni 1973, kachora John Romita, mwaka huohuo uliopitishwa uamuzi wa makao makuu kuhamia Dodoma (wateja wangu wa wizarani nikiwaambia hivyo wanafurahi, sijui kwanini). Spider-Man yuko katikati anaruka, pembeni zimepangwa sura za watu wake wa karibu, anasema mmoja wa hawa atakufa, ila hajui nani. Sisi tumekua tunajua stelingi hafi, na wa karibu yake nae anaokolewa dakika ya mwisho. Humo ndani mchumba wake anakufa kweli, na hata jina la hadithi walilificha mpaka ukurasa wa mwisho ili kichwa cha habari kisikwambie. Kava lenyewe halijadanganya hata neno moja. Kila mteja mpya namwambia achague nani atakufa, karibu wote wanakosea, wanamchagua yule bibi mzee.

Kuna na ile ya 1975 ya X-Men, mastelingi wapya wanapasua karatasi wanatokea mbele na wale wa zamani nyuma wamebaki midomo wazi, na kati ya hao wapya yupo Storm, dada mweusi mwenye nywele nyeupe ambaye kwenye hadithi wanamkuta Kenya akiita mvua. Ninayo ya kuchapwa upya, sio orijino, nasema ukweli wangu. Watoto wa kike wanaoletwa kunyolewa wanaiangalia hiyo tu. Na Dodoma hii mtu wa kuita mvua tungemchukua kesho asubuhi.

Kwenye kutunza nimeumia sana. Kava la kwanza zuri nililopata nililipeleka steshenari kulipigia laminesheni, jamaa akapitisha kwenye moto, rangi ikafanya mawimbi, afu akachukua mkasi akakata pembeni zote nyeupe ili ipendeze. Nililipa na hela. Ile gundi haitoki tena milele. Jingine nililibandika selotepu kwa nyuma, baada ya miaka ile gundi ikapenya ikatoa doa la kahawia mbele, usoni mwa Batman kabisa. Mengine niliyaweka ukuta unaopigwa na jua la jioni, nyekundu na njano zikaondoka ikabaki bluu, kama yale mabango ya saluni ya nje unayakuta wote wamekuwa bluu mpaka meno. Siku hizi naweka kwenye nailoni ngumu isiyo na gundi na kadibodi nyuma, ukuta usio na jua, na ambazo sijaziweka ukutani ziko kwenye tranka langu la bati la bweni nimelipandisha juu ya matofali kwasababu ya mchwa, maana mchwa wa Dodoma nyie mnawajua, boksi zima walinilia kwa chini mi nafungua naona juu pazima. Ila kwa hewa tumebarikiwa, rafiki yangu wa Dar karatasi zake zina ukungu, zangu zina vumbi tu, na vumbi unafuta kwa brashi ya shingo.

Sasa narudi kwenye maandazi. Juzi nimefunguliwa maandazi mawili, nikakuta ile karatasi ni ukurasa wa Sani la zamani, lile gazeti letu la katuni. Mafuta yameshaingia lakini Madenge, mmoja wa mastelingi wake, unamuona. Nikamkimbilia yule mama, nikamuuliza mengine yako wapi, akasema yalikuwa rundo, alipewa na watu wanaohama nyumba, ameshayamaliza wiki ile na kava ndo alianza nazo maana ni ngumu hazipitishi mafuta. Mhariri nilikaa chini. Mi nahangaika na kamuhuri ka Leicester afu mastelingi wa kwetu wanafungiwa andazi nyumba ya pili.

Sani ni la kwetu, jina lenyewe wameunganisha Said Bawji na Nico ye Mbajo, na kizazi kizima kimejifunza kusoma haraka kwasababu ya katuni zake za kina Ndumilakuwili. Kabla ya hapo kulikuwa na katuni ya Chakubanga ya Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru. Na yule mzee wa reli anasema ujana wao wao stelingi wao alikuwa Spear, Lance Spearman, yule mpelelezi mweusi wa hadithi za picha za kupigwa kamera, kofia, kindevu na sigara kubwa, vitabu vyake vilikuja kwa treni na kopi moja ilisomwa na behewa zima. Kava la Spear mi sijawahi kulishika hata moja, la Superman la 1938 nimeona picha yake mara elfu. Na sisi ndo watu wa kanda yenye michoro ya Kolo pale Kondoa, watu walichora kwenye miamba ikabaki mpaka dunia ikaitambua, sisi wa juzi tumechora kwenye karatasi tunashindwa hata kuipandisha juu ya kabati.

Ombi langu kwako Mhariri ni dogo, mchoraji wa katuni wa gazeti lako mwandikeni jina lake lote, lisomeke, sio ile saini ya kukunjakunja ambayo hata yeye akiulizwa anafikiria. Wa kule Marekani zamani wengi hawakuandikwa, leo watu wanakesha wanabishana mkono huu wa nani.

Na kwa wasomaji wa Dodoma, Kongwa, Mpwapwa, Kondoa mpaka Manyoni, kama kuna tranka la babu halijafunguliwa, funguwa kabla wajukuu hawajalichukua kwenda kuwashia mkaa. Usilete la Superman kuniuliza bei, bei siijui. Leta Sani lenye kava lake, au Spear hata bila kava, nikupige picha nalo ulirudishe nyumbani kwako, na siku hiyo nakunyoa bure na mtoto wako nae, ndevu ni juu yangu pia. Mama wa maandazi nimeshampelekea rimu nzima ya magazeti ya mwaka huu, samahani sana Mhariri, la kwako limo.

Kinyozi wa Chang'ombe,
Dodoma