Kwa Nini Tunakupima Kabla ya Kukuandikisha Kozi ya Ufundi wa Kompyuta

Kila tukifungua darasa jipya lalamiko ni lile lile: "Mimi nimekuja kusomea ufundi, ninyi mnanirudisha kwenye Excel ili mnile hela." Safari hii aliyelisema ni mzazi, mapokezini, tena kwa sauti ya kusikika hadi darasani. Mwanawe ana cheti cha kozi ya awali na anachapa haraka kweli. Jaribio letu la nusu saa lilimshinda, na anayeshindwa huanzia ngazi ya kati, ile ya Excel (programu ya majedwali) na Word (ya kuandikia nyaraka), kabla ya kuingia ufundi.

Basi tujibu. Fundi wa kompyuta hashindi akifungua mashine kwa bisibisi. Ukiajiriwa ofisini, simu utakazopigiwa zaidi si za diski iliyokufa. Ni za "fomula imegoma", "namba za kurasa zinaanzia kwenye jalada", "nimeprinti rundo la karatasi na kila moja ina safu moja tu". Ukishindwa hayo, hakuna atakayekuamini na seva, ile kompyuta kuu inayohudumia ofisi nzima.

Anayesema Excel anaijua, mara nyingi anajua kujumlisha na kupaka seli rangi. VLOOKUP, fomula ya kutafuta kitu kwenye orodha na kuleta taarifa yake kama vile bei, ameikariri kutoka kwenye video, na kile kipengele cha nne, cha kuchagua jibu kamili au la kukaribiana, anakiacha wazi. Ukikiacha, Excel hudhani unataka jibu la kukaribiana na kwamba orodha yako imepangwa kwa mfuatano. Kama haijapangwa, inaweza kukupa bei ya bidhaa nyingine bila onyo lolote. Afadhali kosa linalojionyesha kwenye seli. Hili hulijui mpaka mteja alipishwe visivyo.

Kijana mmoja aliiruka ngazi hii kwa wenzetu fulani, akapata kazi ya kuorodhesha laini za simu za kampuni. Namba iliyochapwa kwenye kadi ya laini kwa kawaida ina tarakimu 19 au 20. Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba, zinazozidi huzigeuza sifuri. Yeye alibandika orodha nzima, akahifadhi, kisha akafuta faili la asili ili "kusafisha folda". Alipotuletea, kila namba kwenye safu ile iliishia na sifuri nne au tano. Hapo hakuna utundu wa kuzirudisha. Kadi zilisomwa upya, moja moja, na kazi hiyo alilipwa mtu mwingine. Dawa yake ilikuwa kuifanya safu iwe ya matini (Text), si ya namba, kabla ya kubandika, jambo la sekunde chache.

Na tusiwacheke wanafunzi peke yao. Mwaka 2020 huko Uingereza, karibu wagonjwa 16,000 wa korona walikosekana kwenye taarifa za kila siku kwa sababu data ilipitishwa kwenye faili la aina ya zamani, lile la .xls, ambalo mwisho wake ni mistari 65,536. Aina mpya hufika 1,048,576. Iliyozidi iliachwa nje kimya kimya.

Word tutaisema kwa ufupi maana inatutia uchungu. Bado tunapokea watu wenye vyeti wanaobonyeza Enter mpaka waufikie ukurasa unaofuata, na orodha ya yaliyomo wanaichapa kwa mkono, nukta baada ya nukta. Ongeza aya moja katikati, kila kitu kinahama.

Njia ya mkato wanayoipenda kuliko zote ni kukimbilia kusimika Windows. Kufomati, yaani kuifuta diski na kuiandaa upya, kunaonekana ndio ufundi wenyewe! Lakini ukimuuliza barua pepe za Outlook za mteja zimehifadhiwa wapi, au kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda data, na ile namba ya kuifungulia yenye tarakimu 48 iko kwa nani, anakutazama. Mmoja alijaribu kunakili faili kubwa la barua kwenye flashi, ikakataa, naye akamwambia mteja flashi ni mbovu. Mteja akanunua nyingine. Nayo ikakataa, ikiwa tupu kabisa. Zote mbili zilikuwa zimefomatiwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga mafaili, ambao haupokei faili moja linalozidi GB 4. Mteja yule sasa analeta mashine zake kwetu, na flashi zake zote mbili zinafanya kazi vizuri.

Kuhusu ada: ndiyo, ngazi ya kati kwetu ni ghali kuliko ya awali, na hatuoni haya. Kila mwanafunzi anakaa na mashine yake, na mwalimu hulifungua faili la kila mmoja na kulikagua fomula kwa fomula. Huwezi kufanya hivyo na watu hamsini wanaotazama projekta. Ziko kozi za nusu ya bei yetu, na sehemu ya wanafunzi wetu wametokea huko huko, wakiwa wamelipa mara mbili.

Ukilifaulu jaribio unaingia ufundi moja kwa moja na ngazi ya kati huilipii hata senti. Utapewa orodha chafu ya vifaa uisafishe, uiunganishe na orodha ya bei, kisha utoe barua kwa kila mwenye kifaa kutoka kwenye orodha hiyo hiyo. Mwisho kuna waraka ambao namba za kurasa lazima zianzie baada ya jalada. Intaneti inaruhusiwa. Simu ya rafiki hairuhusiwi, na mzazi atasubiri nje.