Kwa vijana wa Shujaa, timu ya Kenya ya raga ya wachezaji saba: kuhusu mechi ya asubuhi

Wanangu,

Jumapili ile ya tarehe 6 Aprili 2025, mlipopanda jukwaani Singapore kuvishwa medali za fedha, nilisimama sebuleni nikapiga makofi mpaka mke wangu akatoka jikoni kuuliza kama tumepata mgeni. Fiji waliwalaza 21-12, na kufungwa na Fiji katika fainali si aibu. Kisha nikaketi nikatazama jedwali la msimu mzima wa mashindano ya dunia. Hapo ndipo hasira yangu ilipoanzia, na mpaka leo haijapoa. Wa pili Singapore, nje ya nane bora msimuni! Ngazi ya juu ilipopunguzwa ikabaki na timu nane tu, nyinyi mkajikuta ngazi ya pili.

Nimesikia wengi wakiwalaumu waliopanga mashindano upya. Mimi siwalaumu. Duru za kukusanya pointi zilikuwa sita: Dubai, Cape Town, Perth, Vancouver, Hong Kong, na Singapore ikawa ya mwisho. Aliyeweka akiba katika tano za kwanza hakuitetemekea ya sita.

Nataka tuzungumze kuhusu mechi ya asubuhi. Mnaijua vizuri kuliko mimi. Mmeshindwa kuingia robo-fainali, na kesho yake mnaamshwa mapema mkapiganie nafasi ya tisa. Viti ni vitupu, wafagiaji bado wanaokota vikombe vya jana, na kamera ni kama zinapiga miayo. Huko nyumbani Kenya hakuna anayeuliza matokeo. Nimewatazama mkiingia katika mechi za namna hiyo mabega yameshuka, mnapiga mpira wa kuanzia kama mtu anayelipa deni asilolikubali. Dakika saba, mapumziko, dakika saba nyingine, mmerudi hotelini. Lakini pointi za asubuhi hiyo zinaandikwa katika jedwali lile lile linaloandikiwa pointi za fainali, na mwisho wa msimu hakuna anayezitenganisha.

Nawaambia haya kwa sababu yaliwahi kunipata. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, winga, na sijisifu nikisema nilikuwa na mbio. Klabu yetu ilikwenda kwenye mashindano Nakuru, tukatolewa Jumamosi alasiri, nasi tukaamua kwamba safari imekwisha. Tulikesha tukinywa. Jumapili asubuhi tulikuwa na mechi ya kombe dogo, lile la waliotolewa mapema. Nilicheza kichwa kikiniuma, nikaangusha mipira miwili iliyonijia mikononi, na mara moja nikamkaba mpinzani kwa kumwacha apite. Nyuma ya milingoti ya goli alisimama mzee mmoja peke yake, na daftari mkononi. Nilidhani ni mkulima aliyekuja kuota jua. Alikuwa mteuzi wa timu ya taifa. Jumamosi hakuwepo kabisa. Alikuwa amefika asubuhi hiyo tu. Jezi ya Kenya sikuivaa maisha yangu yote. Wajukuu wangu huniuliza kama niliwahi kuichezea nchi, na kila mara jibu hilo hunikwama kooni.

Kwa hiyo mkiniona nafoka, fahamuni ninafoka juu ya nini. Mei 2023, London, Kanada walipowashinda 12-7 na kututoa katika ngazi tuliyokaa kwa takriban miaka ishirini, watu walililia mechi ile moja. Mimi nililia asubuhi zote za msimu ule. Na nyinyi hao hao, Septemba iliyofuata, mkaenda Harare mkawashinda Afrika Kusini 17-12 katika fainali, mkakata tiketi ya Olimpiki ya Paris! Mwaka 2024 mkapigana Dubai, Montevideo, Munich na Madrid mpaka mkarudi juu. Uwezo mnao. Ndiyo maana sikubali visingizio.

Mengine nayataja tu. Kadi ya njano ni dakika mbili nje ya uwanja, kati ya kumi na nne. Sehemu moja kati ya saba ya mechi mnacheza watu sita kwa sababu ya mdomo wa mtu mmoja. Laleni. Malizeni masomo. Wekeni pesa, hata kama ni kidogo. Mama akipiga simu, pokea.

Na sisi tulio nje ya uwanja tusijifiche nyuma ya lawama. Kaka zenu walilazimika kufunika jina la mdhamini kifuani kule Paris mwaka 2018, wakidai malipo yao. Benjamin Ayimba, kocha aliyetupa kombe la Singapore la 2016, siku tuliyowachapa Fiji 30-7 na nchi nzima ikajifanya imezaliwa na raga, alipolazwa mwaka 2021 familia yake ilibidi iombe michango ya kulipa hospitali. Alifariki Mei mwaka huo. Mashabiki tunajaza uwanja siku ya mashindano, nusu yetu tumeupa mchezo kisogo tukitafuta bia, halafu Jumatatu tunawatukana watoto wa watu kwenye simu. Tunataka vijana wathamini mechi ya nafasi ya tisa ilhali sisi wenyewe hatujui ilichezwa saa ngapi. Viongozi nao huonekana uwanja wa ndege siku ya kombe. Siku ya kushushwa ngazi, siwaoni.

Wanangu, msinielewe vibaya. Nawapenda. Nikimwona kijana wa Kenya akiruka kuudaka mpira wa kuanzia, mikono miwili juu, mwili wote hewani, moyo wangu unaruka naye, na goti langu bovu nalisahau.

Ngazi ya pili inaanzia nyumbani, Februari 2026, Uwanja wa Nyayo, Nairobi. Nimeshamwambia mjukuu wangu tutatoka Nakuru kabla ya jogoo kuwika ili tuwe langoni likifunguliwa. Mkipangiwa mechi ya kwanza kabisa ya siku, viti vikiwa bado na umande, tazameni upande wa milingoti. Nitakuwa nimesimama pale.

Mzee wenu,
Nakuru