Risala ya Kikundi cha Wagonjwa wa Magonjwa ya Kudumu kwa Mgeni Rasmi

Ndugu Mgeni Rasmi, madaktari na wauguzi wetu, walezi wa wagonjwa, mabibi na mabwana,

Kwa niaba ya wanakikundi wenzangu nakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Humu tumo wenye kisukari, figo, selimundu, saratani na kifafa. Maradhi ni mbalimbali, kilio ni kimoja: wa kutuandikia dawa wapo, wa kutuuliza tunaishije ni wa kutafuta.

Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 1948, inataja ustawi wa mwili, wa akili na wa kijamii. Kliniki tunapimwa mwili, basi.

Chukua daftari la sukari. Mgonjwa anaagizwa ajipime na kuandika kila siku. Akija na namba kubwa anagombezwa mbele ya foleni nzima. Safari ijayo analeta daftari safi: mwezi mzima wino mmoja, mwandiko mmoja, sukari haipandi wala haishuki. Kalijaza lote jana usiku. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3 iliyopita, kinamuumbua, naye anaitwa mkaidi. Mkalishe faragha ndipo utasikia kwamba usingizi umempaa, anaogopa kukatwa mguu, kazini ameficha hali yake, na nyumbani amechoka kuonekana mzigo. Huyo utamwongezea dozi mpaka lini? Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito na kukata tamaa, huwapata wenye kisukari zaidi ya wasio nacho, na mwenye sonona ni rahisi kuacha dawa. Sukari inapanda, na moyo unazidi kuvunjika.

Wenzetu wa figo husafishwa damu kwa kawaida mara 3 kwa wiki, kila mara kwa muda wa saa 4 hivi. Kazi inayumba, na ya anayewasindikiza vilevile. Huyo msindikizaji, tangu aanze kukaa kwenye benchi la nje, hakuna aliyemuuliza hali.

Kikundini, aliyeuzoea ugonjwa hukaa na aliyeambiwa majibu juzi. Hatujifanyi waganga, tunasikilizana tu, na mwenye hali nzito tunamhimiza arudi kwa wataalamu.

Ndugu Mgeni Rasmi, ombi letu kubwa halihitaji jengo jipya. Kila mgonjwa aulizwe, faraghani, maswali 2 ambayo wataalamu tayari wanayatumia: katika wiki 2 zilizopita, umekosa hamu ya mambo uliyokuwa ukiyafurahia? Umejisikia mnyonge au kukata tamaa? Anayeitikia aonane na mshauri nasaha au afisa ustawi wa jamii siku hiyohiyo, maana kuuliza bila kuwa na pa kumpeleka ni kumchokonoa kidonda. Kwa hiyo tunaomba wataalamu hao wawepo siku za kliniki, na mlezi naye apewe nafasi ya kuzungumza nao. Lugha ya kufokeana mbele ya foleni ikomeshwe leo; hiyo haisubiri bajeti.

Tunaomba kuwasilisha.

Sisi, wanakikundi.